Barua pepe imegoma: kwanza tujue imegomea wapi

Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma zake tarehe 14 Oktoba 2025, na tangu hapo kubadilisha kompyuta kumekuwa jambo la kawaida maofisini. Kompyuta mpya inakuja na Outlook mpya, programu ya barua pepe ya Microsoft, na Outlook mpya inazua maswali yaleyale hapa Dodoma, iwe ni Mtumba kwenye Mji wa Serikali, kwa msambazaji wa vifaa Kizota au kwenye steshenari za jirani na Nyerere Square: barua haziingii, zilizokuwapo hazionekani, ya kutuma imeganda kwenye Outbox, programu inadai nywila kila baada ya dakika chache ilhali nywila ni sahihi.

Majibu ya haraka nayo tunayajua. Seva iko chini. Umedukuliwa. Ni virusi. Futa akaunti uiweke upya. Hilo la mwisho ndilo linalotia watu hasara, kwa sababu ipo aina ya akaunti ambayo ukiifuta pamoja na faili lake, barua za miaka yote zinakwenda nayo, na hakuna seva ya kuzirudisha. Makala haya yanaeleza jinsi ya kujua kasoro iko upande gani kabla ya kugusa chochote.

Vitu vinne tunavyoviita kwa jina moja

Mtu akisema "imeili yangu haifanyi kazi" anaweza kuwa anazungumzia kitu chochote kati ya vinne. Seva ya barua ni kompyuta iliyo mbali, inayowaka usiku na mchana, inayopokea na kutunza barua zako. Akaunti ni nafasi yako ndani ya seva hiyo, pamoja na anwani na nywila yake. Programu ya barua pepe, kama Outlook au Thunderbird, imo ndani ya kompyuta yako. Kazi yake ni kwenda kwenye seva, kuleta barua na kupeleka nyingine. Programu jalizi ni kipande kidogo kinachopachikwa ndani ya programu hiyo ili kuiongezea kazi, kama kupanga mikutano ya Zoom, kukagua virusi au kugeuza barua kuwa PDF.

Ofisi zilizowahi kuwa na tarishi zitaelewa upesi. Seva ni posta. Akaunti ni sanduku lenu la posta na ufunguo wake. Programu ni tarishi anayekwenda na kurudi, na programu jalizi ni mizigo ya ziada mliyompa aibebe njiani. Barua isipofika mezani, huenda posta iko wazi na sanduku limejaa, ila tarishi hajatoka getini. Au ametoka, akakuta kitasa kimebadilishwa. Kumfukuza tarishi hakufungui sanduku.

Jaribio la kwanza halihitaji fundi

Fungua kivinjari, Chrome au Firefox, uingie kwenye barua zako kupitia tovuti ya mwenye huduma. Gmail na Outlook.com zina tovuti zake. Anwani za kampuni zilizo kwenye seva ya kukodi mara nyingi zina ukurasa unaoanza na neno webmail, likifuatiwa na nukta na jina la kikoa chenu, yaani sehemu ya anwani inayokuja baada ya alama ya @. Ukishaingia, jitumie barua fupi kutoka anwani nyingine.

Barua ikionekana kwenye kivinjari lakini haionekani kwenye Outlook, seva ni nzima na akaunti ni nzima. Kasoro iko kwenye kompyuta yako au kwenye njia ya kutoka kwake hadi kwenye seva. Kivinjari kikikataa nywila yako, shida ni akaunti, na kuiondoa Outlook hakutasaidia. Ukiingia vizuri lakini barua uliyojitumia haipo hata huko, tafuta kwanza kwenye Spam. Isipokuwapo, kasoro iko kwenye seva au kwenye kikoa, na hapo ni kazi ya mwenye huduma.

Bado kwenye jaribio hilohilo, badilisha njia. Toa kompyuta kwenye Wi-Fi ya ofisi, iunganishe na hotspoti ya simu kwa dakika tano. Kama barua zinaanza kuingia, kikwazo kinahusu mtandao wa ofisi, si kompyuta yako. Tutaona chini kwa nini hilo hutokea ghafla kwa ofisi nzima.

POP na IMAP: hapa ndipo barua zinapopotelea

Programu huleta barua kwa njia mbili kuu. IMAP huacha barua kwenye seva na kukuonyesha nakala; ukisoma kwenye simu, kompyuta nayo inajua umeshaisoma. POP hubeba barua kutoka kwenye seva na kuziweka kwenye kompyuta, na inaweza kuzifuta kule zilikotoka. Akaunti za Microsoft 365 na Exchange zina njia yake ya tatu, lakini kwa suala la usalama wa barua zihesabu pamoja na IMAP: barua halisi zipo kwenye seva.

Kujua unatumia ipi ni rahisi. Kwenye Outlook ya zamani bonyeza File, kisha Account Settings, kisha tena Account Settings. Safu ya Type itaandika POP, IMAP au Microsoft Exchange. Kwenye Thunderbird fungua Account Settings, chagua Server Settings, usome mstari wa Server Type.

Ikiwa ni POP, simama hapo. Barua zako zimo ndani ya faili moja lenye mwisho wa .pst, ambalo mara nyingi linakaa kwenye Documents ndani ya folda ya Outlook Files. Funga Outlook kabisa, nakili faili hilo kwenye diski ya nje, hakikisha ukubwa wa nakala unalingana na wa faili asilia, ndipo uendelee na matengenezo mengine. Watumiaji wa Thunderbird wafungue Help, kisha Troubleshooting Information, watafute mstari wa Profile Folder wenye kitufe cha kufungua folda. Wafunge Thunderbird na kunakili folda yote. Kunakili wakati programu ingali wazi hutoa nakala mbovu isiyofunguka siku ya kuhitajika.

Hata kwenye IMAP kuna mtego mmoja ambao mafundi wengi wanaurukia. Outlook ya zamani huweka majina ya mawasiliano na kalenda ya akaunti ya IMAP kwenye kompyuta tu, na pembeni huandika "This computer only". Barua zitarudi ukiiweka akaunti upya, lakini namba za wateja na miadi hazitarudi. Zitoe kwanza kupitia File, Open & Export, Import/Export.

POP ndiyo pia chanzo cha ile fumbo ya barua kuonekana kwa mhasibu na kukosekana kwa mkurugenzi. Chukua kampuni inayonunua mchuzi wa zabibu kwa wakulima, yenye anwani moja ya info na kompyuta tatu zinazoitumia kwa POP. Kila kompyuta ina kisanduku cha "Leave a copy of messages on the server". Mbili zimewekewa tiki, ya tatu haina. Hiyo ya tatu ikitangulia kuchota asubuhi, seva inabaki tupu, na wawili waliobaki wanadhani hakuna aliyeandika. Hata penye tiki, Outlook mara nyingi huja ikiwa imepangwa kufuta nakala za seva baada ya siku 14, ndiyo maana barua ya mwezi uliopita haionekani kwenye simu. Dawa ni kuhamia IMAP kwenye kompyuta zote tatu, baada ya kuhifadhi kila faili la .pst, kwa sababu kila moja lina barua ambazo mengine hayana. Hakuna sababu ya maana ya anwani inayotumiwa na watu watatu kuendelea kuwa kwenye POP.

Nywila sahihi inayokataliwa

Hapa ndipo neno "umedukuliwa" linapotumika ovyo. Udukuzi upo, lakini mara nyingi kinachotokea ni kwamba mwenye huduma amebadilisha aina ya ufunguo anaoukubali.

Zamani programu ilituma jina na nywila yako moja kwa moja kwa seva. Google waliacha kuipokea njia hiyo kwa akaunti binafsi za Gmail kuanzia tarehe 30 Mei 2022. Microsoft walianza kuizima kwa akaunti za maofisi Oktoba 2022, na kwa akaunti binafsi za Outlook.com na Hotmail tarehe 16 Septemba 2024. Njia inayokubalika sasa, OAuth2, hufungua dirisha dogo la Google au Microsoft wenyewe. Unaingia humo, kisha programu inapewa kibali bila kuijua nywila yako. Programu ya zamani isiyoweza kufungua dirisha hilo itaendelea kudai nywila mpaka jioni.

Kwenye Thunderbird, ingia Server Settings, mstari wa Authentication method, chagua OAuth2. Fanya hivyohivyo kwenye Outgoing Server, maana watu wengi hurekebisha upande wa kupokea na kusahau wa kutuma. Dirisha la Google likifunguka na kujifunga bila kitu, angalia kama vidakuzi vimeruhusiwa kwenye mipangilio ya Thunderbird.

Kwa Gmail kuna njia ya pili inayofaa programu za zamani. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti yako ya Google, halafu tengeneza kile wanachokiita App password. Ni herufi 16, zinaonyeshwa mara moja tu, na ndizo unazoziandika kwenye programu badala ya nywila ya kawaida. Ukija kubadilisha nywila yako ya Google, herufi hizo zinafutwa papo hapo, hivyo Outlook iliyokuwa nzima itaanza kulalamika siku hiyohiyo.

Wakati mwingine nywila uliyoandika ni sahihi, ila Windows inaendelea kutuma ya zamani iliyoihifadhi. Funga Outlook, fungua Control Panel, Credential Manager, Windows Credentials, uondoe mistari inayohusu akaunti hiyo, kisha fungua upya.

Na sasa ile habari ya ofisi nzima. Mnatumia seva ya kukodi, na mmebadilisha nywila ya anwani ya info Jumatatu. Kompyuta zote zimewekewa nywila mpya, lakini simu ya mtu mmoja iliyounganishwa na Wi-Fi ya ofisi bado ina ya zamani, nayo inabisha hodi kila baada ya dakika chache. Seva nyingi zina kinga: anwani ya intaneti inayokosea nywila mara nyingi inafungiwa. Ofisi nzima hutoka nje kwa anwani moja ya intaneti, kwa hiyo kosa la simu moja linawafungia wote. Kwenye hotspoti mnaingia, kwenye Wi-Fi hamwingii, na fundi anahangaika na ruta isiyo na kosa. Itafuteni simu hiyo kwanza, muirekebishe au kuitoa kwenye Wi-Fi, ndipo mwombe mwenye seva aifungulie anwani yenu. Mkianza na kuomba, mtafungiwa tena.

Inapokea lakini haitumi

Kupokea na kutuma ni huduma mbili tofauti, hata kama zinatumia anwani moja. Kila moja ina mlango wake kwenye seva, na mlango huo una namba inayoitwa poti. IMAP yenye usalama hutumia poti ya 993, POP yenye usalama 995. Kutuma, ambako huitwa SMTP, hutumia 465 au 587. Poti na aina ya usalama lazima zilingane: 465 huenda na SSL/TLS, 587 huenda na STARTTLS. Ukiweka 587 na SSL/TLS, programu itasubiri mpaka muda uishe, kisha itaandika kwamba seva haijibu.

Poti ya 25 ni ya seva kwa seva. Mitandao mingi ya intaneti huizuia kwa wateja wa kawaida ili kompyuta zenye virusi zisitume taka, hivyo ukiikuta kwenye mipangilio ya kutuma, ibadilishe. Kwenye Outlook ya zamani fungua pia More Settings, Outgoing Server, uhakikishe penye "My outgoing server (SMTP) requires authentication" pana tiki. Pasipo tiki hiyo seva hukuchukua kama mgeni, na mgeni haruhusiwi kutuma kwenda nje.

Barua ikiganda kwenye Outbox, mtuhumiwa wa kwanza ni kiambatisho. Barua pepe haibebi faili kama lilivyo: kila baiti 3 huandikwa kwa herufi 4, hivyo uzito unaongezeka kwa karibu theluthi. Ripoti ya PDF ya MB 20 inasafiri ikiwa na MB 27 hivi, na seva ambayo kikomo chake ni MB 25 itaikataa japokuwa wewe unaona bado una nafasi ya MB 5. Isitoshe, intaneti ikikatika katikati, SMTP haiendelei ilipoishia. Inaanza upya tangu mwanzo. Kwa anayetumia bando la simu kule Kibaigwa au Mpwapwa, PDF moja inaweza kumaliza bando bila kufika.

Kuna na balaa jingine la aina hiyo. Barua imefika yote kwenye seva, lakini mtandao umekatika kabla programu haijapata jibu la "nimepokea". Programu inaamini imeshindwa, inatuma tena. Mpokeaji anapata nakala nne za ankara ileile na kuuliza mnadai mara ngapi. Zima kwanza utumaji: bonyeza Send/Receive, kisha Work Offline, subiri kidogo, ifute au uihamishie Drafts barua iliyo Outbox, halafu rudi hewani. Faili kubwa liweke Google Drive au OneDrive, utume kiungo.

Saa ya kompyuta na onyo la cheti

Seva hujitambulisha kwa cheti, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta yenye tarehe ya uongo itakiona cheti kizuri kuwa kimeisha au hakijaanza, na itakataa kuunganika. Tatizo hili ni la kompyuta za mezani za zamani hasa, zile zinazozimwa kwenye soketi Ijumaa au zinazokumbwa na kukatika kwa umeme. Ndani ya kompyuta, juu ya ubao mkuu, kuna betri bapa ya duara kama sarafu, CR2032 ya volti 3, inayoitunza saa umeme usipokuwapo. Ikiisha nguvu, kila Jumatatu kompyuta inaamka ikidhani ni miaka kadhaa nyuma. Dalili yake ni kwamba tovuti nazo zinalalamika juu ya usalama asubuhi hiyohiyo. Rekebisha tarehe, chagua ukanda wa saa wa Nairobi, UTC+03:00, kisha zima kompyuta, chomoa waya, ubadilishe betri. Kurekebisha tarehe bila kubadilisha betri ni kuahirisha hadi wiki ijayo.

Onyo la cheti likija ilhali saa ni sahihi, soma linasema nini. Likisema jina halilingani, kwa kawaida umeandika seva kuwa mail.kampuniyako.co.tz wakati cheti ni cha jina la seva ya aliyewakodisha. Muulize jina sahihi uliandike. Likisema cheti kimekwisha muda, kukihuisha ni kazi yake. Kubonyeza Yes kila siku ili onyo liondoke ni tabia mbaya, kwa sababu siku mtu akijiweka katikati yako na seva kwenye Wi-Fi ya hoteli, onyo litakalokuja litafanana na hilo ulilozoea kulipuuza.

Programu jalizi: ipime, usiifute

Outlook inayochelewa kufunguka, inayoganda ukibonyeza Reply au inayojifunga yenyewe, mara nyingi inaelemewa na jalizi. Kipimo chake ni cha dakika moja. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika outlook.exe /safe, ukiacha nafasi kabla ya mkwaju (/), kisha Enter. Outlook itafunguka bila jalizi yoyote. Ikiwa nyepesi, umempata mhalifu kwa ujumla wake. Sasa mtafute kwa jina.

Fungua Outlook kama kawaida, nenda File, Options, Add-ins. Chini, kwenye Manage, chagua COM Add-ins, bonyeza Go. Ondoa tiki kwenye nusu ya zilizopo, funga ufungue. Shida ikiisha, mhalifu yumo kwenye nusu uliyoizima. Isipoisha, yumo kwenye nusu iliyobaki. Gawa tena. Hata ziwe nane, ndani ya mizunguko mitatu utakuwa umebaki na moja. Anza na zile za antivirusi na za PDF, na usiogope kuondoa tiki: jalizi haifutwi, inalala tu.

Kinyume chake pia hutokea. Jalizi unayoihitaji inatoweka. Outlook hupima muda ambao kila jalizi inachukua kuwaka, na inayozidi sekunde moja katika kufunguliwa mara tano mfululizo inaweza kuzimwa bila kuulizwa mtu. Nenda File, utafute Slow and Disabled COM Add-ins, uiruhusu ibaki.

Kama umehamia Outlook mpya, hali ni nyingine kabisa. Outlook mpya haizikubali jalizi za COM, yaani zile zinazosakinishwa kwenye kompyuta, hata moja; inakubali zile za wavuti tu. Kitufe cha mfumo wa uhasibu au wa saini kilichokosekana hakijaharibika, hakina mahali pa kukaa. Juu kulia kuna swichi ya New Outlook. Izime urudi kwenye ya zamani, ambayo kwenye menyu ya Start huandikwa Outlook (classic), mradi ofisi yako ina leseni yake. Jambo jingine ambalo maofisa wa TEHAMA walipe uzito: ukiunganisha Gmail au akaunti ya IMAP kwenye Outlook mpya, barua zake hulandanishwa pia kwenye seva za Microsoft. Kwa duka la vipuri huenda si kitu. Kwa anwani ya .go.tz au yenye taarifa za wagonjwa, asikilizwe kwanza mwenye mamlaka ya mfumo huo kabla mtu hajabonyeza Continue.

Kwa Thunderbird, fungua Help, kisha Troubleshoot Mode, itawaka bila jalizi. Toleo la 78 la mwaka 2020 liliacha kuzikubali jalizi nyingi za muundo wa zamani, kwa hiyo uliyoizoea ikiwa haipo, tafuta mbadala wake badala ya kurudisha Thunderbird ya zamani yenye mashimo ya usalama.

Faili lililoharibika nalizungumza kwa ufupi. Umeme ukikatika Outlook ikiwa inaandika, .pst linaweza kuumia. Funga Outlook, tafuta programu ndogo ya SCANPST.EXE ndani ya folda ya Office, ichague .pst, ikubali itengeneze nakala, ndipo ibonyezwe Repair. Rudia mpaka isione kosa. Kikomo cha kawaida cha faili hilo ni GB 50, na linaanza kuwa zito mapema kuliko hapo. Kwenye Thunderbird bonyeza folda kwa kitufe cha kulia, Properties, kisha Repair Folder. Orodha itajengwa upya.

Kosa likiwa kwenye seva

Barua iliyorudi ina namba, na namba hiyo ina maana. Inayoanza na 4 ni kikwazo cha muda: seva ya upande wenu itaendelea kujaribu, kwa kawaida hadi siku 4 au 5, hivyo usiitume tena. Inayoanza na 5 ni katazo. 550 5.1.1 ina maana anwani haipo, na mara nyingi ni herufi moja iliyokosewa. 552 au 5.2.2 ni sanduku la mpokeaji lililojaa. Gmail ya bure ina GB 15, zikichangiwa na picha na Drive. 535 ni nywila yako iliyokataliwa, rudi juu.

Barua zenu zikiangukia Spam za wateja, tazameni rekodi za kikoa. SPF hutangaza ni seva zipi zina ruhusa ya kutuma kwa jina lenu. DKIM hutia muhuri kila barua. Tangu Februari 2024, Google wanamtaka kila anayetuma kwa Gmail awe na angalau moja ya hizo, na anayetuma 5,000 na zaidi kwa siku awe nazo zote mbili pamoja na DMARC, rekodi inayosema barua isiyopita vipimo hivyo ifanyweje. Rekodi ya SPF inatakiwa iwe moja tu kwa kikoa. Mkihama huduma na kuongeza ya pili bila kuziunganisha, zote mbili zinahesabiwa kuwa mbovu.

Kuhama nako kuna kosa lake linalojirudia. Mmepeleka barua Google Workspace au Microsoft 365, tovuti imebaki kwenye seva ya zamani. Barua za kila mtu zinafika, isipokuwa zile za fomu ya tovuti yenu na za kampuni nyingine zilizo kwenye seva hiyohiyo. Sababu ni kwamba seva ya zamani bado inaamini kikoa ni chake, inazitia barua hizo kwenye sanduku la zamani ambalo hakuna anayelifungua. Kwenye cPanel, ukurasa wa kusimamia seva ya kukodi, ingia Email Routing, badilisha Local Mail Exchanger kuwa Remote. Kisha fungueni lile sanduku la zamani kwa webmail: barua zote zilizodhaniwa kupotea zimo humo.

Mkimpigia mwenye seva, mpeni ujumbe wa kosa wote ulivyoandikwa, anwani ya mtumaji, ya mpokeaji, na wakati. Juu ya wakati, kuweni waangalifu. Kumbukumbu za seva nyingi huandikwa kwa UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa 3. Barua iliyokwama saa tatu na dakika tano asubuhi, kwenye saa ya kompyuta ni 9:05, na kwenye kumbukumbu hizo ni 06:05. Fundi aliye ng'ambo akiandikiwa "saa tatu" atapekua kurasa za 3:00 na kujibu kwamba hakuna kosa lolote. Mwandikieni tarehe kamili, 9:05 EAT (saa za Afrika Mashariki), 06:05 UTC.